Hadija Kwenye Simu

Jumanne, baada ya kula

Kufuli tena. Zahanati ina nesi mmoja, na leo kaitwa semina Lushoto. Nimepanda kilima chote na magoti haya, bure.

Waliokuwa mlangoni wakanigeukia mimi. Mke wa jirani alibeba mtoto anayewaka homa. "Bibi, tuchemshie mzumbasha. Leo daktari ni wewe."

"Daktari, na mtoto hanyonyi, macho yamelegea? Majani yangu nayajua. Hii si kazi yao!"

Nikampigia Hadija, mwanangu, nesi kule Kigoma, nikaweka sauti kubwa, nikamweleza hali ya mtoto, hata blanketi alilofungwa.

"Mama, asingoje. Bodaboda, hospitali ya Bumbuli, sasa hivi. Na nani kamfunga blanketi na homa hiyo? Mfungue!"

Anagomba kama mimi vile. Watu wazima wote wakatii. Kwa dakika zile zahanati yetu ilikuwa na nesi, na nesi alikuwa mwanangu.

Mtoto kalazwa. Jioni wamepiga simu, kaanza kunyonya.

Wangempanga Hadija hapa, kwao, wangepungukiwa nini? Najua, na Kigoma kuna watoto. Najua, lakini...

Kabla ya kukata aliuliza, "Na wewe Mama, mzima?"

Nikamjibu, "Mzima, nenda kwa wagonjwa wako."

Sikumwambia kwamba zahanati nilifuata vidonge vyangu vya presha, vimekwisha tangu Ijumaa. Ningemwambia, angebaki kwenye simu kunigombeza. Nami nilitaka sana abaki.