Isale Juu ya Kibodi

Jumatatu, 16 Desemba 1996
Nasahihisha mitihani tangu chai ya asubuhi. Mmoja kaandika kwamba kompyuta haikosei kamwe. Nimempa sifuri kwa moyo mweupe.

Huku kijijini Mwika ukungu mtupu, hata migomba ya nyuma haionekani. Mama anahangaikia mbege, pombe yetu ya ndizi, ya sherehe yangu, Jumamosi ya baada ya Krismasi. Mwanawe sasa ni profesa. Miaka ile kompyuta zilipokatazwa kuingizwa nchini nilizifundisha kwa chaki na ubao. Leo ninayo yangu, chumbani kwa marehemu baba, na mlango naufunga kwa kufuli.

Kaka Aminiel sijamwalika. Aliuza kihamba chake, shamba la urithi, akakimbilia Mererani kuchimba tanzanite. Karudi hana kitu, kifua kimekwisha, na anataka nimkatie pembe ya kihamba cha baba ajenge, na siku yake ikifika azikwe hapa. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa mila yetu nyumba hii na shamba hili ni langu. Nilimwambia hapana mbele ya ukoo mzima. Sijutii.

Jumanne, 17 Desemba
Jani la isale juu ya kibodi. Bichi, lina umande, limefungwa fundo. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Kwetu huku mtu akitaka kusamehewa huleta isale, na ukiletewa hukatai. Haya, nani ananiomba? Namjua. Ndeshi, mke wa Aminiel, kapewa ufunguo na Mama. Ujanja wa kizamani. Nimelitupia ng'ombe. Kalinusa, akarudi nyuma hadi ukutani.

Jumatano, 18 Desemba
Lingine. Pale pale.

Mama anaapa hajampa mtu ufunguo. Aliposikia la jana nimelitupa, alikaa chini. "Isale halitupwi, mwanangu. Hata likitoka kwa adui, unapokea." Nikamjibu kama namjibu mwanafunzi mzembe.

Alhamisi, 19 Desemba
La leo nalo nimelitupa. Programu ikikosea, unabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka chanzo kijulikane. Kufuli jipya, ufunguo shingoni kwangu. Dirisha nimelipigilia misumari. Majivu ya jikoni nimeyamwaga sakafuni, kuanzia mlangoni hadi mezani. Tuone.

Ijumaa, 20 Desemba
Majivu hayajaguswa. Isale lipo.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Leo nimelitazama fundo lenyewe. Limezungushwa kinyume. Nimemjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Mizigo ya majani ya ng'ombe, kamba, hata viatu vyangu nilipoanza shule. Aminiel, mtu wa mkono wa kushoto. Sikulitupa. Nimelitia mfukoni.

Mchana Ndeshi akaja. Sikumkaribisha hata kiti, nikamuuliza ni nani anayemtuma kuniletea majani. Alinishangaa. "Majani gani, shemeji? Mimi natoka Mawenzi, hospitali. Kaka yako amelazwa tangu Jumatatu. Hasemi, hageuki."

Jumamosi, 21 Desemba
Nimeshuka Mawenzi asubuhi. Nilimzoea Aminiel wa kujaza mlango. Kitandani palikuwa na mifupa na blanketi. Macho kafumba. Muuguzi anasema tangu aletwe hajainua hata kidole.

Nikaushika mkono wake wa kushoto. Chini ya kucha palikuwa na rangi ya kijani. Mbichi. Nikanusa, ni isale.

Nilitoa jani langu nikamwekea kiganjani. Nikamwambia sikioni, "Nimelipokea, kaka. Utalala karibu na baba." Nikarudia, nikarudia tena. Hakufumbua macho. Vidole havikufunga. Saa za kuona wagonjwa hazijaisha, akakata roho.

Sijui kama alisikia. Hilo ndilo linanitafuna.

Jumanne, 24 Desemba
Tumemzika kihambani, karibu na baba. Mbege ya sherehe ndiyo tuliyonywea msibani. Watu walinipa pole wakiniita profesa, nikaona aibu. Nimeng'oa isale moja mpakani nikalipanda kichwani pa kaburi.

Chumba sijakifungua tangu Ijumaa. Kila asubuhi nafika mlangoni, nashika ufunguo, narudi jikoni. Nikikuta jani jingine, maana yake hakusikia. Na sasa nitamwambia wapi?

Krismasi
Sikwenda kanisani. Mama alikwenda, akarudi, akaniwekea chakula mbele yangu. Naona anajua ninachoogopa.

Alhamisi, 26 Desemba
Manyunyu tangu alfajiri. Nimefungua.

Majivu yana nyayo zangu za Ijumaa tu. Juu ya kibodi hapana kitu. Nimepapasa kwa mkono, nikainama kutazama chini ya meza. Hapana kitu.

Alisikia.

Nimelia kidogo. Kisha nimeng'oa misumari dirishani, maana kutoka hapa kaburi linaonekana. Mitihani imebaki mingi. Mama ananiita chai.