Wifi Ameniuza Nikiwa Nimefumba Macho

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi manyunyu.

Mwenzangu, wifi ameniuza!

Alinipeleka mkahawa wa Kimeksiko na wenzake wa kazini. Mara yangu ya kwanza. Akaniagizia taco, kichapati kilichokunjwa chenye nyama ndani. Nikafumba macho kukiombea.

Nikamsikia ananong'ona: "Huyo haombei chakula, anaombea mtihani. Na umri wote huo, anasoma shule ya msingi jioni!"

Wifi! Siri niliyowaambia yeye na wewe tu!

Meza nzima kicheko. "Mwanafunzi, kula basi!"

Sikufumbua macho, mwenzangu. Nikapaza sauti: "Bwana, mbele ya hawa wanaocheka naahidi, nikifaulu nitawaleta hapa hapa, na wifi akiwemo, niwalishe mimi. Amina."