Sifa Zangu Zimeikwamisha Kompyuta ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni mama wa mpiga picha, na si wa kubahatisha, mtaa mzima unamjua, nimehakikisha mwenyewe. Shule imempa kazi ya kupiga picha wahitimu mia nne, inazitaka Ijumaa hiyo, akaniomba nimsaidie kuandika majina ya mafaili, namba ya mtoto tu, basi, lakini mshauri, mtoto wa watu unamwandikaje namba kama gunia, nikaongeza kidogo, "017 binti wa fundi viatu & macho ya bibi yake", "052 huyu ana adabu (kama wangu)", mpaka wakaisha wote. Binti alipoona alicheka, akasema atayaondoa maneno hayo kwa mpigo, anaandika amri ya mstari mmoja na kompyuta inamaliza. Leo siku ya tatu anaandika, mashine inamjibu amri ina kosa, mara hakuna faili linaloitwa "macho". Jana kanifuata jikoni akasema, "Mama, usinisifie tena kwa watu. Kazi yenyewe siiwezi, nairudisha." Na yale maneno kwenye kioo cha kompyuta nayajua, ni yangu, lakini niliendelea kumenya viazi. Nifanyeje?

Mama Mpiga Picha

Mama Mpiga Picha, mapenzi yako nimeyaona, ila umeyamwaga pasipo pake. Kompyuta ikikuta nafasi kati ya neno na neno hudhani jina limeisha, ndiyo maana inatafuta faili la "macho"; na hiyo alama ya & pamoja na mabano, kwako ni urembo, kwake ni amri. Binti yako kazi anaijua. Kwanza anakili folda nzima aiweke kando. Halafu kila jina la faili alifunge kwa alama za kunukuu, mwanzo na mwisho. Aiambie mashine imwonyeshe tu itakachofanya, isifanye. Akiridhika, ajaribu picha moja. Moja ikikubali, mia nne ni dakika chache.

Lakini mama, mtoto anajiona hafai na wewe unamenya viazi? Mtaa mzima umeweza kuutangazia, neno moja jikoni likakushinda? Mwite leo, kabla hajapiga simu shuleni, umwambie, "Mwanangu, kosa ni langu, si lako." Kisha vuta kiti ukae pembeni yake, na usimsifie mtu yeyote mpaka picha ya mwisho ibaki na namba yake tu.