Alama Chini ya Dumu

Jumanne, 2 Juni
Mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Nilisimama baada ya mwenyekiti, kama kawaida ya mwalimu wao, nikatoa somo la semina ya plastiki: nikavipindua vyombo mezani ili wanachama waone vitako: pembetatu, na namba ndani yake. Moja, chupa za maji na soda, za kutumiwa mara moja. Mbili, madumu, plastiki ngumu ambayo hata viwanda huitegemea. Tatu, mabomba na maganda ya nyaya za umeme, chakula kisiguse. Nne, nailoni laini, vikiwemo viriba vya miche yetu ya kahawa. Tano, ndoo, viti, nyuzi za magunia. Sita, vibokisi vyeupe vya chipsi, visivyofaa kwa cha moto. Nikahitimisha kwamba mbili na tano ni rafiki wa chakula. Nilisikika hadi nyuma.

Agneta, mke wa Osmund, yule Mnyasa aliyeolewa hapa kutoka Mbamba Bay, akanyoosha mkono. Aliuliza kama namba inajua kilichokuwemo ndani, maana dumu la dawa ya wadudu wa kahawa nalo lina mbili, na hunuka hata likishaoshwa. Nikamjibu kwa utani:

"Mama, pua iliyolelewa na usipa, dagaa wa ziwani, isitufundishe harufu."

Ukumbi ulicheka. Osmund alicheka kuliko wote. Agneta akaketi. Nilifurahi.

Ijumaa, 5 Juni
Kuchuma kahawa kutwa. Magoti yanauma. Kesho Osmund ameita majirani wakamchumie. Nimekutana naye njiani na dumu la lita tano. Akalipindua anionyeshe mbili. Amelisugua mwenyewe kwa majivu na maji ya moto. Nikaitikia kwa kichwa. Lebo ya dawa ilikuwa imebanduliwa nusu. Niliiona.

Jumamosi, 6 Juni
Mama yake Osmund amefariki.

Togwa ya wachumaji ililala ndani ya dumu lile. Asubuhi bibi alipewa kikombe cha kwanza, kwa heshima ya ukubwa wake, kabla haijapelekwa shambani. Alitapika, mate yakamjaa, miguu ikaishiwa nguvu. Hakufika hospitali. Wengine hawakuwa wamekunywa.

Nimefungua makaratasi ya semina. Sentensi ipo, ukurasa wa pili: alama hutaja aina ya plastiki, haitaji kilichowahi kuwekwa ndani yake. Niliiruka. Iliharibu mtiririko wa hotuba.

Jumanne, 9 Juni
Tulizika jana. Leo Agneta amekuja kwa mlango wa uani. Shikamoo yake ilikuwa ya chini, lakini hakulia. Alieleza kwamba alilikataa dumu mara mbili. Mumewe akamjibu kuwa Mwalimu amekwisha kusema. Aliyemimina togwa ni Agneta mwenyewe. Kwa hiyo ukoo unasema amemlisha mama mkwe sumu, na keshokutwa wanaketi. Wakimrudisha kwao, watoto wake wawili watabaki hapa.

"Sikuombi unitetee, Mwalimu. Sema tu kwamba niliuliza."

Nikamwambia nitatazama. Nilimchukia kwa kuomba kitu kidogo namna hiyo. Angeomba kikubwa, ningekikataa kwa dhamiri safi.

Alhamisi, 11 Juni
Kikao cha ukoo. Waliohudhuria mkutano wetu walikuwepo. Kila mmoja alikumbuka utani wangu. Swali hakuna aliyelikumbuka, au hakutaka. Nikaombwa kusema.

Nilisema vizuri. Nilisema elimu ilitolewa wazi, mbele ya watu. Nilisema mwenye jiko ndiye mlinzi wa vinywa vya nyumba. Nilisema kwamba mtu akinusa hatari kwa pua yake mwenyewe, kisha akamimina, huo si ujinga bali ni uzembe. Wazee waliitikia kwa vichwa. Osmund alitazama sakafu. Angeweza kunikanusha. Alinihitaji kama nilivyomhitaji.

Agneta akaulizwa kama ana neno.

"Namshukuru Mwalimu. Amekumbuka kwamba nilinusa."

Hawakumwelewa. Uamuzi: arudi kwao, watoto wabaki. Mzee mmoja alinishika mkono, akasema bila mimi kikao kingechukua siku nzima.

Jumapili, 14 Juni
Ameteremka Mbamba Bay na gari la alfajiri. Mfuko mmoja.

Baada ya misa Osmund alileta watoto wale kwetu, kwa kuwa hajui kupika. Mke wangu aliwapakulia ugali na maharage. Walikula kwa adabu. Yule mdogo akasimamisha tonge, akauliza mama anarudi na gari la saa ngapi.

Mke wangu alinitazama. Osmund pia.

Nikasema la jioni.

Akamaliza chakula chake.