Vumbi la Gari la Baba Keza

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na nguo za mtoto nimezitundika ndani, jikoni kwa dada.

Shajara, usininunie. Nimekuacha muda mrefu bila neno. Nilikuwa na mtoto anayejikuna, na aliyebeba mtoto wa hivyo hana mkono wa kuandikia. Nanyi wasomaji mnaouliza kwenye maoni huku chini kama tumehama: ndiyo, tumehama. Mimi na Keza tu.

Baba Keza anatengeneza matangi ya maji ya faiba, kazini Pinetown. Siku za mapumziko alikuwa anatengeneza gari lake, uani kwetu Glenwood. Gari dogo la mbio, la viti viwili, alilipata bovu, bodi imeliwa na kutu. Akaikata yote, akasema atajenga ya kwake isiyofanana na ya mtu. Anatandaza vitambaa vya nyuzi za kioo juu ya kalibu, anapaka gundi, ikikauka anapiga msasa, kisha anatandaza tena.

Sitadanganya hapa. Nililipenda lile gari.

Alikuwa ananiita, nafumba macho, napitisha kiganja polepole juu ya madigadi. Nikifika penye kibonde nasema hapa, naye anaweka alama ya chaki. "Mkono yako inaona kuliko macho yangu, Mama Keza." Kachafuka mpaka kope, anacheka. Ungekuwa wewe usingempenda?

Halafu mtoto akaanza kujikuna. Shingoni, makwapani, kiunoni nepi inapobana. Kikohozi kikafuata. Jirani akasema ni meno. Mama mmoja kanisani akasema kuna mtu kamwangalia mtoto kwa jicho baya. Nikabadilisha sabuni, nikaacha mafuta ya kupaka. Na nilizidi kufua! Kila siku nafua nguo zake awe msafi, na ovaroli ya baba yake humohumo, beseni moja, kwa sababu bomba ni la wapangaji wote na ukikawia wanakusonya.

Kliniki, nesi alimvua fulana akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ikameta vijinyuzi vya kioo.

"Hawu, dada. Baba yake anafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Na nguo zake unazifua na za mtoto?"

Nikasema ndiyo, beseni moja. Hakunigombeza, alinishika bega tu. Afadhali angenigombeza.

Nilipomweleza Baba Keza alikaa chini, akajishika kichwa. Akaahidi mwenyewe: ovaroli itabaki kazini, msasa hautapigwa tena nyumbani, na gari atalitafutia mahali. Tukaishi hivyo, na ngozi ya Keza ikaanza kutulia. Nikaamini.

Jumapili iliyopita nilimwachia mtoto, nikaenda kumsuka mteja. Narudi, nasikia mashine ya msasa tangu getini. Upepo unapeleka vumbi lote mlangoni, na Keza kakaa kizingitini anakula mkate, nyusi nyeupe kama bibi kizee.

Baba yake kavaa barakoa.

"Eish, Mama Keza, ni kipande kidogo tu. Gari iko karibu kuisha."

"Na mtoto je? Na yeye yuko karibu kuisha?"

Akazima mashine. Nilimwosha Keza kwa maji mengi, nikambeba mgongoni, tukapanda taxi hadi kwa dada, Cato Manor.

Dada ananicheka. "Wenzio wanakimbia walevi, wewe unakimbia gari!" Nilicheka na mimi. Lakini nikimlaza Keza kifuani nasikia pumzi yake inapiga mluzi, na jana nesi yuleyule alisikiliza mgongo wake muda mrefu kuliko nilivyopenda. Amesema tumrudishe wiki ijayo.

Namkumbuka mume wangu. Namkumbuka mchana, nikiwa sina hata sababu. Sirudi.

Baba Keza, najua unasoma hapa saa ya chai. Gari likiondoka uani, na chumba kikidekiwa kwa maji, si kufagiwa, nijulishe. Kabla ya hapo usije na maneno. Mama Bahati wa chumba cha mbele anakuja upande huu kesho, mpe vitu hivi. Kadi ya kliniki, iko kwenye droo ya vyombo. Dawa ya kifua, ile chupa ya kahawia. Sweta ya njano na soksi, ni zile zilizo kwenye begi la zipu juu ya kabati, na begi usilifungue kabisa, litume lilivyo. Viatu vyangu vyeusi, uvifute kwa kitambaa kibichi. Chaja yangu. Sufuria ndogo ya uji.

Blanketi lake usitume. Lilikuwa kwenye kamba uani Jumapili, ulipokuwa unapiga msasa. Analililia kila akisinzia, najua. Usitume.