Mwanangu Ametimiza Miaka Kumi na Saba Mara Tatu

Mshauri mpendwa, nakusalimu, na naomba unisaidie kabla hujanifokea, kwa sababu nimefanya ujinga kwa mapenzi, na sasa ujinga wenyewe umeota miguu.

Mimi ni fundi cherehani, mjane wa watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, tunamwita Bosi, maana tangu mdogo akiingia mahali hupeana mkono na kila mtu kama amekuja kukagua kazi. Alizaliwa na ulemavu wa akili, mambo huyaelewa polepole, ila akishayaelewa hayatoki. Baba yao alipofariki, kazini kwake walitoa kiinua mgongo, fungu la Bosi nikaliweka benki kwenye akaunti ya mtoto, mimi nikiwa msimamizi, nikawa nalala usingizi wangu vizuri, mpaka siku moja karani wa benki akaniambia, tena anatabasamu, "Mama, akifika kumi na nane akaunti inakuwa yake, saini yako haitafanya kazi tena." Mshauri, niliona giza. Bosi huyu huyu, ambaye nikimtuma sukari anarudi na puto, na chenji kamwachia muuza maputo kwa sababu eti "amechoka"? Nikasema moyoni, basi hafiki.

Na hakufika. Siku ya kutimiza kumi na nane nikamwokea keki nikachomeka mishumaa kumi na saba, nikajiambia ni mwaka mmoja tu nijipange, akaizima yote kwa pumzi moja, akashangilia, akatushika mkono sote, na mwaka uliofuata, kwa kuwa nilikuwa bado najipanga, nikachomeka kumi na saba tena. Mdogo wake wa kike alijua. Mwaka wa kwanza nilimziba mdomo kwa viatu, mwaka wa pili akataka vyenye visigino.

Nilichosahau ni kwamba binti naye anakua. Jumapili iliyopita ametimiza kumi na saba, nyumba imejaa, majirani wapo, mwenye duka la mikate ambako Bosi hufunga mikate kwenye mifuko yupo, baba yao mdogo yupo na ameshika sahani mbili, Bosi akahesabu mishumaa ya mdogo wake kwa kidole, akarudia tena tangu mwanzo, kisha akauliza kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Mama, huyu amenifikia. Mwakani atanipita?"

Watu walicheka mpaka mwenye duka la mikate akakaa sakafuni, na mimi nikacheka mbavu zikaniuma, halafu nikaona Bosi hacheki, ananitazama, anasubiri jibu. Nikamwambia ale keki. Mwenye duka alipopata pumzi akasema, "Mama Bosi, mimi nangoja afike kumi na nane nimwandike kazi, mshahara wa mtu mzima. Kila mwaka naambiwa bado, nikadhani ni mimi nisiyejua kuhesabu!" Na shemeji yangu, huyo baba yao mdogo, mtu aliyefungua biashara nne akafunga tano, akanivuta pembeni ya friji: "Shemeji, usihangaike. Bosi atie dole gumba, hela zihamie kwangu. Mimi si damu yake?" Jumamosi anakuja na karatasi na wino. Huku benki nao wameshaniletea barua mbili, nimezilaza kwenye droo ya cherehani chini ya zipu, sijazifungua.

Niambie, nimwambie Bosi kuwa ana miaka kumi na tisa, anichukie, na urithi wa baba yake uishie kwa muuza maputo? Au nimkubalie shemeji, ambaye angalau ana akili timamu? Nifokee utakavyo, ila nisaidie.

Mimi, Mama wa Mishumaa

*

Mama wa Mishumaa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko salama. Mara ya pili nilimwona Bosi anasubiri jibu, kicheko kikanikauka. Sasa kaa nikufokee, maana umeomba mwenyewe.

Hivi ulimdanganya nani? Benki wana nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na kompyuta yao hukuialika kwenye keki. Akaunti ni ya Bosi tangu siku ile alipofika kumi na nane kweli, na nina hakika hizo barua zinasema hivyo hivyo. Aliyedanganyika ni yule mmoja anayekuamini, na umemkosesha mshahara wa mwaka mzima na ushee. Njia ya mwongo ni fupi, mama, yako imekomea kwenye mishumaa ya binti yako.

Pole lakini. Hofu yako naielewa, na wazazi wengi wa watoto kama Bosi wanayo, ila hawana ujasiri wa kuiokea keki.

Shemeji akija Jumamosi mpe chai, mpe na sahani zake mbili, karatasi yake arudi nayo kama ilivyo. Akili timamu ndiyo hiyo ya kufungua nne na kufunga tano? Bosi akipoteza chenji, walau unaona puto. Kwa shemeji hata puto hutaliona. Damu ni nzito kuliko maji, sikatai, lakini nimeona hela zikiizidi uzito. Na kumfanya mtu atie dole gumba kwenye karatasi asiyoelezwa ni wizi, hata akifanya ndugu.

Fungua hizo barua leo. Kesho nenda benki na Bosi, mkiwa na cheti chake na barua ya daktari wake, mkaombe akaunti ya saini mbili, yake na yako, hela zisitoke mpaka mkubaliane wote wawili. Fungu la baba likae humo. Halafu afunguliwe nyingine ndogo ya mshahara wake wa mikate, na hiyo usiiguse. Anunue maputo, aishiwe tarehe kumi, mwezi ujao atajua. Benki wakileta ugumu, waulize watu wa ustawi wa jamii kabla hujamlipa wakili, sheria hazifanani kila mahali. Andika na wosia, utaje atakayeshika nafasi ya saini yako ukiondoka. Ukimtaka binti, muulize kwanza kama anataka, na safari hii bila viatu.

Ila kabla ya yote hayo, leo Bosi akitoka kazini mkalishe umwambie: "Una miaka kumi na tisa. Niliogopa, nikakudanganya. Nisamehe." Atanuna, na una haki ya kununiwa. Usimbembeleze kwa keki.

Maana iko siku hutakuwepo, mama, na siku hiyo atakuwa mtu mzima upende usipende. Heri aanze sasa, akosee wewe upo, wa kumcheka na kumshika mkono.

Basi kesho, mkifika dirishani, karani akiuliza mwenye akaunti ana miaka mingapi, wewe nyamaza. Mwache aseme mwenyewe.