Taa ya Pikipiki ya Mzee Ngumbao

Wanza, hata sasa siamini. Waliokuwapo uani, mtaani Ndia Kuu: Mzee Ngumbao, bintiye Kache, mkwewe Ngowa, na mimi.

Daktari amesema mwezi hauishi kabla macho ya mzee hayajazima kabisa. Naye alitaka jambo moja tu: aione taa ya pikipiki yake ya Kiingereza ikiwaka, ile aliyoifunga nyaya kwa mkono wake mwaka 1955, miaka arobaini sasa.

Ngowa akaitia pikipiki betri mpya na kidhibiti umeme kipya, akawasha.

Mzee akauliza, “Mwanangu, waya mweusi wa betri umeufunga wapi?”

“Kwenye chuma, baba, kama gari lolote.”

“Lo! Hii ni ya kale, mwekundu ndio uendao kwenye chuma; ukigeuza, umeme huchoma kila kitu!”

Moshi ulikuwa umeshatanda, Wanza. Nyaya zote zikaungua.

“Na fyuzi je?”

“Nilikuwa nimeiacha iwe ya mwisho, baba.”

Ya mwisho! Fyuzi, mlinzi wa nyaya, ndiyo aiache iwe ya mwisho!

Kache akalia, “Baba, tumekuzimia taa yako.”

Mzee alizipapasa nyaya zile, kisha akatutangazia: “Zing'oeni zote. Nitafunga nyaya mpya mimi mwenyewe kwa vidole, na Ngowa atanitajia rangi.”